Waya wa Banda la Kuku Ndani ya Chombo cha Maua

Bustani ya Kiingereza mwezi Oktoba haina la kujivunia. Mawaridi yamebaki mawili matatu, dalia zimelazwa na mvua, na usiku wowote baridi kali inaweza kuzichoma zikaamka nyeusi. Duka la maua la London miaka ya 1920 halikuwa na haja na mali ya namna hiyo. Liliuza karnesheni zilizonyooka, za kimo kimoja, zimezungushiwa majani membamba ya kijani. Constance Spry, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya vijana wa viwandani mashariki mwa jiji hilo kabla ya kufungua duka lake mwaka 1929, alifuata njia nyingine. Aliokota mbegu za mimea ya vichakani, matunda ya waridi mwitu na majani ya mboga, akayapanga katika madirisha ya duka la manukato la Atkinsons, mtaa wa Old Bond Street. Wapita njia walisimama kutazama.

Mwaka 2004 Design Museum ya London ilifanya maonyesho ya kazi zake. Mwenyekiti wa jumba hilo, mhandisi James Dyson, akajiuzulu kwa kulalamika kwamba jumba limepoteza dira. Mhandisi yule angeinama kidogo akachungulia ndani ya chombo cha Spry, nadhani asingeondoka haraka hivyo, maana uhandisi wenyewe ulikuwa humo.

Ndani kuna waya wa banda la kuku. Huchukuliwa ule laini, wenye matundu ya kama sentimita 5, ukakunjwakunjwa mpaka ukawa tabaka tatu au nne, ukashindiliwa chomboni na kuachwa uchomoze kidogo juu ya ukingo. Kikonyo hupenya tundu la juu, kikapenya la kati, kikatua chini. Kwa kuwa kimeshikwa mahali pawili au patatu, kinaweza kulala kwa pembe yoyote kisianguke, na mguu wake bado umo majini. Kenzan ya Wajapani, yaani kile kibao kizito chenye misumari, hushika kitako tu. Inafaa kwa vikonyo vichache, lakini tawi refu lenye matunda likilazwa pembeni huing'oa.

Hapo ndipo maua ya mwisho wa msimu yanapopata thamani yake. Dalia ikilazwa na mvua, ncha yake inayokua hugeuka kutafuta juu: seli za upande wa chini hurefuka kuliko za upande wa juu, na kikonyo kikapinda. Aliye na dalia Lushoto au Limuru anaijua sura hiyo baada ya mvua kubwa, na wengi huikata wakaitupa. Sasa jaribu kupanga chombo kwa vikonyo vilivyonyooka vitupu. Vya katikati vitapendeza, ila vya pembeni vitaelekeza uso wa ua ukutani au sakafuni. Kilichopinda hutoka ukingoni, kikashuka, kisha kikainua ua limtazame aliyeketi. Mistari mirefu inayomwagika pembeni, ambayo ndiyo alama ya mtindo wa Spry, haitoki kwenye shada la dukani. Hutoka kwenye mmea ulioanguka ukajiinua.

Mpangilio wa aina hii huanza na matawi, si maua. Fito zenye matunda mekundu huwekwa kwanza ili kupima upana. Kisha majani mapana chini, yafiche waya. Spry alipenda mno kale, ndugu wa sukuma wiki, na zile za zambarau hufanya rangi ya dalia ing'ae zaidi. Maua makubwa huja mwisho, karibu na mdomo wa chombo, na katikati yao vichwa vya mbegu na maua yaliyochanua nusu. Kuchanganya umri namna hii kunaufanya mpangilio uonekane umetoka bustanini. Maua yote yakiwa na umri mmoja, hata yawe ghali, huonekana yamenunuliwa.

Kuhusu ukataji, sina mengi. Kata alfajiri, mmea ukiwa umejaa maji, uweke vikonyo kwenye ndoo ya maji mengi gizani kwa saa kadhaa. Majani yatakayozama yaondoe yote, kwani yakioza huzaa bakteria wanaoziba njia za maji. Dalia ikatwe ikiwa imeshachanua, maana tumba lake halifunguki chomboni.

Lakini si kila desturi ya enzi ile ni ya kurithi. Wapambaji wa wakati huo walizoea kuponda kwa nyundo ncha za matawi magumu ili yanywe vizuri. Kuponda huharibu mishipa na kuwalisha bakteria. Kisu kikali kilichokata mshazari hufanya kazi bora. Na matunda mabivu ya kula katikati ya maua, pambo zuri machoni, hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua upesi, karnesheni hasa. Kwa chakula cha jioni moja, sawa. Kwa juma zima, tenga bakuli la matunda.

Mwaka 1954 Mmarekani Vernon Smithers alileta sponji ya kijani inayofyonza maji, na waya ukasahauliwa madukani. Sponji ni rahisi kutumia, ila ni plastiki isiyooza, na ukichomoa kikonyo huacha shimo lisilojifunga. Chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kimeipiga marufuku katika maonyesho yake tangu 2021. Waya umerudi, nao huoshwa ukatumika tena mwaka hadi mwaka.

Ukitaka kubadilisha maji, usichomoe kitu. Weka chombo chini ya bomba, fungua taratibu, acha maji mapya yasukume ya zamani mpaka yanayofurika yawe safi.