UADILIFU NA UHURU KATIKA ELIMU: TUNAVYOISOMA "ELIMU YA KUJITEGEMEA"

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake, Elimu ya Kujitegemea. Wengi hulikumbuka kwa jembe na shamba la shule. Sisi tunalisoma kama andiko la falsafa ya elimu lenye nguzo mbili, uadilifu na uhuru, na tunaipima kila moja.

Kwanza uadilifu. Mwalimu alionyesha kuwa shule za msingi ziliwaandaa watoto wote kwa ajili ya sekondari, ilhali ni asilimia 13 tu ndio waliopata nafasi. Waliobaki walionekana wameshindwa. Hoja hii ni ya haki.

Huku Vunjo palikuwa na mtihani mwingine. Wamisheni wa Kikatoliki walifika Kilema, jirani na Kirua, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na shule nyingi za mlimani zikawa za misheni. Tuseme kweli: walijenga pale ambapo wengine hatukujenga. Lakini mzazi Muislamu alibaki kati ya elimu ya mwanawe na khofu ya dini yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule hizo mikononi mwa serikali, na mlango ukawa wa wote.

Pili uhuru. Mwalimu alitaka akili yenye kudadisi, na wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba lao. Hata hivyo, anaitazama zaidi shule kama jamii, na uhuru kama ukombozi wa taifa. Kuhusu mwalimu mmoja mbele ya mtoto mmoja, andiko ni fupi mno. Mlango ukishafunguliwa, ndani mna nini?

Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), alianzia humo ndani. Katika Adab al-Mu'allimin anafundisha kuwa mtoto wa maskini na wa tajiri wawe sawa mbele ya mwalimu, na asiyewasawazisha amefanya khiyana. Adhabu isitolewe kwa hasira, wala viboko visizidi vitatu bila ya idhini ya mzazi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliruhusu hadi vinne! Naye Ibn Khaldun alionya katika Muqaddima kuwa ukali humzoesha mtoto uongo na hila. Basi aliyefunzwa kwa khofu ana uhuru gani?

Ndugu zetu maimamu na walimu, mizani hii ituanzie sisi. Je, madrasani kwetu mtoto wa kibarua anasikilizwa sawa na mtoto wa mwenye kihamba kikubwa cha kahawa? Anaruhusiwa kuuliza "kwa nini" bila kuchapwa? Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutaka elimu, wakubwa wakashughulikiwa kabla yake. Sheria huweza kufungua shule. Uadilifu wa darasani ni amana ya mwalimu, naye ataulizwa.

Wallahu a'lam.