Mpingo wa Kinyago: Kuutafuta, Kuukata na Kuukagua

Ubora wa kinyago cha mpingo huamuliwa porini, kabla tezo haijagusa gogo. Katika mapori ya miombo ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, mti wenyewe si adimu kuonekana: ni mfupi, mara chache hupita mita 15, gome lake la kijivu, vijitawi vyake vina miiba, na mara nyingi mashina kadhaa hutoka kwenye kisiki kimoja. Kazi ni kuupata unaofaa. Shina huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kukatwa, na katika muda wote huo moto wa kiangazi, mchwa na uozo hupita humo. Hata magogo yaliyoteuliwa kwa ajili ya klarineti na obo hutoa vipande safi visivyofikia sehemu moja ya kumi ya ujazo wake.

Weusi si kipimo. Inabidi lisemwe kwa sauti, maana ndio unaosifiwa kwanza madukani, na ndio rahisi kuliko vyote kughushi: mti wowote laini ukipakwa rangi ya viatu na kusuguliwa kwa kitambaa hung'aa ukaitwa mpingo. Kiini halisi kikikatwa leo huwa hudhurungi inayoelekea zambarau, chenye michirizi myeusi, kisha hukolea. Uzito nao haudanganyi. Mita moja ya ujazo ya kiini kikavu ina kilo 1,200 hivi, kwa hiyo kibanzi chake huzama majini. Anayesifu mng'aro bila kukipima kitu mkononi anasifu rangi ya viatu.

Mpingo wa mteremko wenye mawe upendelewe kuliko wa bondeni. Hukua polepole, na kiini chake hushikana. Miti ya namna hiyo ilikuwa karibu zaidi na makazi kabla ya mradi wa karanga wa Waingereza, uliofyeka mapori ya Nachingwea kwa matrekta kuanzia 1947 hadi ulipoachwa 1951. Sasa mikorosho na mashamba ya ufuta yanaendelea kuusogeza mti mbali, na mchongaji aliyezoea kuchagua anajikuta akipokea alicholetewa.

Jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulikosa kila mara ni mwelekeo wa nyuzi. Shina la mpingo lina migongo na mifereji inayopanda kutoka mizizini. Mgeni huiona kama ubaya wa umbo, akatafuta shina la mviringo, nene, akaridhika. Mjuzi huchuchumaa chini ya mti, huchagua mgongo mmoja na kuufuata kwa macho mpaka tawi la kwanza. Mgongo ukipanda wima, nyuzi za ndani nazo zimesimama wima. Ukilizunguka shina, nyuzi nazo zimezunguka, na hakuna ustadi wa patasi utakaozinyoosha. Pale ambapo migongo haionekani vizuri, nyufa ndefu za gome husema jambo lilelile. Mwenye shaka hupasua tawi kavu la chini kwa panga: mpasuko ukishuka moja kwa moja ni dalili njema, ukikimbilia pembeni kabla ya kufika mwisho, mti uachwe usimame.

Sababu ni hii. Mkono mwembamba wa kinyago una nguvu iwapo nyuzi zinapita kwa urefu wake, kutoka bega hadi kidole. Nyuzi zikiukata mkono kwa upande, mkono huo hushikiliwa na nyuzi fupi tu, nao huvunjika sokoni, safarini au patasi ikiwa bado mkononi mwa fundi. Inasimuliwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, kinyago cha binadamu cha mchongaji Samaki Likankoa kilivunjika mkono. Mfanyabiashara Mohamed Peera akamtia moyo, na kutokana na umbo lile lenye kasoro ukazaliwa mtindo wa shetani. Kisa hiki wavivu wamekigeuza kuwa kinga yao. Samaki aliitazama ajali moja akaona umbo jipya. Wao hununua magogo yaliyojisokota, huvunja mikono kila mara, kisha huiunga kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo na kuipaka nta. Mti wa ujamaa, mtindo unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, ndio pekee unaoweza kukaribisha msokoto kidogo, kwa kuwa watu waliopandiana wanaweza kupangwa wakilizunguka gogo kama nyuzi zinavyozunguka. Nje ya hapo, wima ni wima.

Pango hutafutwa kwa sikio. Kisogo cha shoka kikigonga shina zima, mlio huwa mfupi na mkavu. Palipo na pango huvuma. Kovu la moto hutazamwa kwenye kitako, hasa upande wa juu wa mteremko ambako majani makavu hurundikana, kwa sababu uozo huingia hapo na kupanda.

Mti hukatwa kiangazi, chini kabisa, ili kisiki kichipue na lori lifike kabla ya mvua. Kibali hutangulia shoka. Gogo lisilo na alama ya nyundo ya maofisa misitu halinunuliwi, hata liwe safi namna gani. Vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, mwaka 2009 kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe, na tangu Januari 2017 biashara ya mpingo nje ya nchi iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Gogo zuri lina karatasi zake.

Ncha za gogo hupakwa nta siku ileile ya kukatwa, likawekwa kivulini, likauke polepole. Nta iliyochelewa hujulikana: imezama ndani ya ufa badala ya kukaa juu yake. Muuzaji anayepaka tope nchani asipewe nafasi ya kujieleza.

Kinyago kilichokamilika kigeuzwe kwanza kitako juu. Hapo rangi haijapakwa kwa makini, nyuzi zinaonekana zinakoelekea, na ufa uliojazwa unga hufuatika kwa ukucha. Utepe wa weupe wa nje ulioachwa ubavuni ni heshima, wala si dosari: fundi anayeuacha anaonyesha gogo alilolichagua. Kinyago cheusi pande zote kinapaswa kukwaruzwa kwa wembe mahali pasipoonekana kabla pesa hazijatoka mfukoni.