"Glamour" si ndugu wa "gleam"

Karatasi ya mazoezi ya tafsiri inayopita mikononi mwa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili ina orodha ya maneno ya Kiingereza yanayohusu mwangaza: gleam, glow, glitter, glimmer na, mwishoni, glamour. Mwandalizi ameyapa yote asili moja, kisha akapendekeza kisawe kimoja cha jumla, "mng'aro". Kwa yale manne ya kwanza hatuna ugomvi naye mkubwa. Ni ya ukoo wa Kijerumaniki na kweli yanahusu nuru. La tano limepachikwa tu.

Glamour limetokana na grammar, yaani sarufi. Wasomaji wasicheke. Katika Ulaya ya Zama za Kati, neno la Kilatini grammatica, lenye asili ya Kigiriki, lilihusu elimu ya kusoma na kuandika Kilatini, na kwa umma usiojua kusoma, msomi na mchawi hawakuwa mbalimbali sana. Wafaransa wanalo grimoire, kitabu cha uchawi, la ukoo huohuo. Huko Uskoti, katika karne ya 18, sarufi hiyo ya kichawi ikawa glamour, r ya kwanza ikageuka l. (Sisi tunaofundisha hapa Uganda, tunaosahihisha "kura" na "kula" kila siku, hatuna haki ya kuwashangaa Waskoti.) Walter Scott akalieneza neno hilo kwa wasomaji wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kumtupia mtu glamour kulikuwa kumroga macho aone kisichokuwapo. Maana ya urembo na fahari, ile ya waigizaji wa filamu za Marekani, ilishika nguvu katika karne ya 20.

Kufanana kwa sauti, basi, si ushahidi wa etimolojia. Mwandalizi angekitazama Kiswahili chenyewe: mwanga wa taa na mwanga anayewanga usiku hutamkwa sawasawa, lakini wingi wa kwanza ni mianga na wa pili ni wanga. Hakuna mwalimu atakayeviweka katika kidahizo kimoja kwa ajili ya sauti tu. Kiingereza kinapohusika tunalegeza kamba, hatujui kwa nini.

Kosa hilo la asili limezaa kosa la maana. Sentensi ya saba inazungumzia glamour ya maisha ya mjini, iliyomvuta kijana akaacha shamba la babake na kuishia kulala barazani kwa watu. "Mng'aro wa maisha ya mjini" unatuonyesha taa za barabarani, basi. Udanganyifu wote umepotea. "Haiba" nayo ni sifa njema ya mtu, haidanganyi. Kiswahili kinalo "kiinimacho", ambalo linabeba ile maana ya Kiskoti karibu yote. Tunakubali kwamba katika tangazo la vipodozi lingekuwa kali mno, na hapo "mvuto" ungetosha. Katika sentensi ya saba halina mpinzani.

Mwanafunzi mmoja aliandika "kiinimacho cha mjini". Tulimkata alama mbili, sisi wenyewe, kwa kufuata majibu yaliyoambatanishwa na karatasi. Tumemrudishia, na muhula ujao orodha hiyo itakuwa na maneno manne.