Mateka na Watoro: Uhakiki wa Uhuru wa Watumwa kama Historia ya Ukristo katika Pwani ya Kenya

Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichochapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1934, kimehakikiwa zaidi kwa maswali mawili: je, ni riwaya, na je, kinausifu ukoloni? Maswali hayo yana uzito, lakini yameacha pembeni jambo ambalo uhakiki huu unalipa kipaumbele. Kitabu hiki ni simulizi la chimbuko la jamii ya Wakristo wa pwani, na namna kinavyolieleza chimbuko hilo inaathiri ufahamu wetu kuhusu nani aliyeujenga Ukristo huko.

Msuko wake ni wa ukombozi. Watu wanatekwa bara, wanaswagwa hadi pwani, wanaokolewa baharini na Waingereza, kisha wanapewa makao Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875. Katika mpangilio huu mtumwa ni mtendwa kutoka mwanzo hadi mwisho: hutekwa na mwovu, huokolewa na mwema. Wakazi wa namna hiyo waliitwa mateka, na jina lenyewe linawataja kwa yale waliyotendewa.

Hata hivyo, misheni za pwani zilikuwa na kundi jingine, nalo ni watoro. Hawa hawakuokolewa na meli. Walijitoa wenyewe mikononi mwa mabwana zao. Makazi ya Fuladoyo, yaliyoongozwa na Mgiriama Mkristo David Koi, yalikuwa ya watoro. Rabai nako, walikofikia maelfu ya wakimbizi, ndiko walikopewa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Hati hizo zilithibitisha uhuru ambao watu walikuwa wameshautwaa kwa miguu yao. Historia ya kanisa inayowekwa juu ya msingi wa mateka peke yao huwaacha watoro bila nafasi.

Ukimya wa pili unahusu uongozi. Kuanzia miaka ya 1860, Waafrika waliosomeshwa katika misheni ya Nasik nchini India walifika Rabai wakawa walimu na wahubiri. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Hannington alipouawa Busoga mwaka huohuo, ni Jones aliyewarejesha pwani wasafiri walionusurika. Aidha, kumbukumbu za Freretown za mwanzoni mwa miaka ya 1880 zina malalamiko ya wakazi kuchapwa viboko chini ya usimamizi wa misheni. Ushahidi huo unatatiza picha ya mfadhili na mfadhiliwa ambayo shukrani hujenga.

Pamoja na hayo, kumhukumu Mbotela kuwa kibaraka tu si haki. Alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, akiandika katika jamii iliyompima mtu kwa nasaba. Mateka hakuwa na shajara ya ukoo ya kuonyesha. Kwa kuandika safari ya wazee wake kwa Kiswahili, Mbotela aliwapatia asili inayoweza kutajwa hadharani. Shukrani kwa Waingereza, kwa mtazamo huu, ni gharama ya kupata asili hiyo kupitia mchapishaji wa Kikristo wa zama za ukoloni.

Kwa hiyo, uhakiki huu unadai kwamba Uhuru wa Watumwa usomwe kama ushahidi wa kundi moja, si historia ya kanisa zima la pwani. Mtafiti anayekitumia hana budi kukisoma sambamba na kumbukumbu za Rabai na Fuladoyo. Bila hivyo, ukuaji wa Ukristo utaendelea kuelezwa kama zawadi iliyopokelewa, ilhali kwa wengi ulikuwa pia kimbilio walilolitafuta na kulijenga wenyewe.