Kazi Yenyewe Ndiyo Itendayo: Juu ya Kufasiri Misemo ya Kirusi kwa Kiingereza

Husemwa mara nyingi kwamba msemo ukifasiriwa hupoteza picha yake. Katika makala haya mafupi nakusudia kuonyesha, kwa kuitazama misemo michache ya Kirusi ihusuyo mtu na kazi impendezayo, kwamba hasara iliyo kubwa zaidi haimo katika picha bali katika sarufi. Picha ikipotea, msomaji hukosa pambo tu. Mtenda akibadilishwa, msomaji hupewa habari nyingine.

Tuanze na methali aliyoiweka Vladimir Dal katika mkusanyo wake wa mwaka 1862, ambamo mna methali na misemo ya Kirusi zaidi ya 30,000: delo mastera boitsya, yaani, kazi humwogopa fundi. Fundi hatendi neno hapa. Asimama tu, na kazi yenyewe, kama mnyama amjuaye bwana wake, hunyenyekea. Kiingereza kinachotolewa mara kwa mara badala yake ni "he works best who knows his trade", yaani, ajuaye kazi yake ndiye aifanyaye vizuri kuliko wote. Maana haikukosewa, lakini mambo yamepinduliwa: kazi imekuwa kitu kitendwacho, na methali imekuwa fundisho kwa wanagenzi.

Msemo wa pili ni rabota sporitsya. Kitendo hiki kisichanganywe na kile cha kubishana, ambacho hufanana nacho kwa herufi lakini hutofautiana nacho kwa mkazo wa sauti. Asili yake ni sifa sporyi, yenye maana ya kitu kiendacho kwa wepesi na chenye kuleta faida. Kwa hiyo msemo wasema kwamba kazi yapata, yasonga, yaitikia mikono. Msemo wa tatu ni rabota kipit, kazi yachemka. Huu wa tatu Waingereza huufasiri "the work is in full swing", na hapa yafaa tuwatendee haki: picha ya chungu imetoweka, lakini kazi imebaki kuwa mtenda. Basi Kiingereza hakikunyimwa uwezo. Mfasiri anapomweka mtu mahali pa kazi, lugha yake haikumlazimisha. Ni mazoea yake.

Mazoea hayo huonekana zaidi katika namna moja ya kitendo ambayo Mrusi huitumia kila siku. Husema: mne segodnya khorosho rabotaetsya. Hakuna mtenda kabisa katika sentensi hii. Ukiifuata neno kwa neno wapata, "kwangu leo kwafanyika kazi vizuri." Msemaji yumo, lakini amewekwa kando kama mtu aliyefikiwa na jambo. Mfasiri wa Kiingereza huandika "I am working well today", na papo hapo neema iliyomjia mtu imegeuka kuwa juhudi yake, na pengine majivuno yake. Mimi ningependelea "the work is going well for me today", ambayo ni Kiingereza safi na yamwacha mtu mahali alipokuwa.

Wapo watakaouliza kama tofauti hii ni kitu kweli au ni udadisi wa wanasarufi. Jibu limo katika vitabu viwili. Katika sehemu ya tatu ya Anna Karenina, Tolstoy amweleza Levin akikata majani pamoja na wakulima wake, hata afikapo mahali pa kujisahau, mundu ukawa kama wajikatia wenyewe. Constance Garnett, katika tafsiri yake ya mwaka 1901, aliuacha mundu ukate wenyewe, kwa kuwa Tolstoy ameeleza kwa urefu na hapakuwa na njia ya kumkwepa. Jambo lile lile likisemwa kwa maneno mawili ya msemo, hupotea kwa urahisi.

Kitabu cha pili ni kile cha Solzhenitsyn juu ya siku moja ya Ivan Denisovich, kilichotokea katika gazeti la Novy Mir mwezi wa Novemba 1962. Shukhov ni mfungwa. Ajenga ukuta katika baridi kali, kwa amri, bila ujira wa haki. Hata hivyo ukuta wamchukua, na saa ya kuondoka ikishapita arudi kuutazama kama umenyoka. Ukisema kwa Kiingereza chepesi kwamba mtu huyu "enjoyed his work", umemfanya akubali kifungo chake. Ukisema kwamba kazi ilimwendea vizuri, umesema kweli yote wala hukuwatetea waliomfunga. Mahali kama hapa, kumchagua mtenda ni kutoa hukumu.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Anna Wierzbicka, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliziunganisha sentensi hizi zisizo na mtenda na tabia ya Warusi ya kuuona ulimwengu kuwa haushikiki kwa akili wala kwa nguvu za mtu. Siafiki. Mrusi yule yule asemaye rabotaetsya asema pia ya rabotayu, "nafanya kazi", anapotaka kujitaja. Sarufi humpa msemaji njia mbili, haimpi tabia.

Sisi wenye Kiswahili twaweza kulipima jambo hili kwa mizani yetu. Twasema kazi imepamba moto, nasi tuko karibu sana na rabota kipit. Tunayo pia kauli ya kutendeka: shamba lalimika, njia yapitika. Lakini kauli yetu hueleza zaidi hali ya kitu, kwamba chakubali kutendwa. Ile ya Kirusi hueleza pia hali ya mtu kwa siku ile. Basi anayefasiri kitabu cha Kirusi kwa kupitia Kiingereza ajihadhari: huenda akapokea "mimi" ambaye mwandishi hakumweka, akamtia katika Kiswahili ambacho kingeweza kabisa kumwacha kando.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza picha gani ifanane na picha ipi, mfasiri na aulize kwanza: ni nani atendaye hapa?