Jicho la Saisi

Watu wa Mutuini wanamjua punda, kwa sababu ndiye anayevuta mkokoteni wa maji huku Dagoretti. Farasi ni mnyama wa Karen, na wa uwanja wa mbio wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, ambako mashabiki humpigia kelele aliye juu ya tandiko. Kelele hizo, kwa maoni yangu, hazimfikii anayezistahili. Ustadi mwingi wa farasi uko chini, mikononi mwa saisi, mtunza farasi.

Chukua safari ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Katika Mbuga ya Nairobi, jirani yetu, mgeni hutazama wanyama akiwa garini, maana simba wapo. Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, humruhusu kushuka akatembea, akaendesha baiskeli au akapanda farasi. Na ukiwa juu ya farasi wanyama hukuacha ukaribie mno. Pundamilia huona miguu minne, hunusa jasho la jamaa yake, kisha huendelea kula.

Pundamilia huyo mpole ndiye wa kuogopwa. Anaweza kuwa na virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika mwilini bila yeye kuugua. Usubi, mdogo kuliko mbu, humfyonza damu kisha humuuma farasi. Ugonjwa ukishuka mapafuni, farasi anaweza kufa katika siku chache, povu likimtoka puani. Chanjo ipo, lakini chanjo haimwondolei saisi kazi ya kuangalia. Juu ya kila jicho la farasi pana kishimo. Alfajiri, kabla ya brashi, kabla hata ya ndoo ya maji, saisi hutazama vishimo hivyo. Vikiwa vimejaa na kuvimba, tandiko halishuki ukutani, na daktari wa mifugo anapigiwa simu. Jioni nayo ina sheria yake: usubi huuma zaidi kuanzia machweo, kwa hiyo farasi huingizwa bandani jua lingali juu.

Kisha kuna kwato, moja baada ya nyingine, kuchokolewa mawe na kupapaswa kama zina joto lisilo la kawaida. Kuna mkanda wa tumboni pia. Farasi mjanja huvuta pumzi na kujaza tumbo anapofungwa, ili baadaye mkanda ulegee. Saisi hagombani naye. Humtembeza hatua chache, halafu hukaza tena.

Kazi ninayoihusudu zaidi ni ya kumpangia mgeni farasi. Wageni husema uongo, karibu wote: kila mmoja amewahi kupanda, tena sana. Saisi haulizi maswali. Hutazama tu mtu anavyosimama ubavuni mwa mnyama, anavyoshika hatamu, mguu gani anautia kwenye kikuku, kisha kwa heshima zote humletea jike mzee asiyejua haraka. Mgeni akifika salama kati ya twiga, huamini ni ufundi wake.

Akirudi hupiga picha, hulipa, huondoka. Saisi hulegeza mkanda, humtembeza farasi mpaka pumzi itulie, halafu hupitisha kiganja mgongoni palipokaa tandiko, akitafuta manyoya yaliyosuguka. Akiyapata, farasi huyo hapandwi kesho, hata mgeni akilipa mara mbili.