Chui Milia Kiganjani

Fedha imeumbwa ili iondoke. Inapotuingia mkononi macho yetu huitafuta tarakimu peke yake, na tarakimu ikisha kutambuliwa, mkono huwa tayari unaikabidhi kwa muuza samaki au kwa utingo; ilhali mnyama aliyechongwa kwa subira upande wa pili hupita katika viganja vya maelfu ya watu pasipo hata mmoja wao kumtazama usoni. Amali ninayotaka kuisifu hapa ni ya mtu anayeikatiza safari hiyo: hutwaa kipande kimoja katika maelfu, akakiepusha na soko, akakiweka kwenye nuru, akakitazama mpaka kikamtolea siri iliyokuwamo. Watu humwita mkusanyaji, lakini mimi naona jina la msomaji lingemstahili zaidi.

Mimi nilivutwa na wanyama, na katika wanyama nilivutwa na yule ambaye bara letu la Afrika halikumjua. Chui milia ni mwana wa Asia, na lugha yetu, ilipolazimika kumpa jina, ilikwenda kuazima kwa jamaa zake: wengine wakamwita simbamarara, wakamfanya simba aliyetiwa michirizi, na wengine wakamwita chui milia, wakamvua chui madoa yake na kumvika mistari ya punda milia. Basi kabla sijaiona sura yake katika fedha yoyote nilikuwa nikimjua kwa jina kuwa ni mnyama aliyesimama baina ya wawili.

Noti ya kwanza ya chui milia niliyoimiliki ilikuwa ya Bangladesh, nami niliinunua katika duka dogo la Mji wa Kale wa Mombasa kwa mzee aliyekuwa akiuza vikuku, saa mbovu na fedha za nchi za mbali. Nilipofika nje niliigeuza huku na huku nisione chui wala paka, nikarudi dukani nimejaa manung'uniko. Mzee hakukasirika. "Mwanangu," aliniambia, "huyo humpati kwa kumtafuta juu ya karatasi. Mwinue kwenye jua." Nikaiinua, na mahali palipokuwa peupe, palipoonekana kama pamesahauliwa na mchapaji, kikatokea kichwa cha chui milia, masharubu na mistari, kimetulia kinanitazama.

Tangu siku ile alama ya maji ndiyo sanaa niipendayo kuliko zote katika ufundi wa noti, nami nimejifunza jinsi inavyopatikana. Haichapwi kwa wino. Karatasi ya noti aghalabu hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, na nyuzi hizo, zingali rojo ndani ya maji, huokotwa na pipa la wavu wa waya ambalo sura imekwisha kufinyangwa juu yake kwa miinuko na mabonde. Palipoinuka nyuzi hukaa chache, palipobonyea hujaa, na karatasi ikisha kukauka, pembamba hupitisha mwanga na panene huuzuia. Chui yule, basi, hakuongezwa juu ya karatasi, bali ni karatasi yenyewe iliyozidi mahali na kupungua mahali. Nijuavyo mimi hapana picha iliyomfaa mnyama huyu zaidi. Sundarbans, makazi yake katika nchi ile, ni misitu ya mikoko iliyosimama katika maji ya chumvi, jamaa ya ile mikoko ambayo watu wa Lamu na wa Rufiji huikata kuwa boriti. Na mtu aliyepata kupita kwa mtumbwi katika hori za mikoko wakati wa jua la jioni anajua jinsi mwanga unavyoingia kwa vipande, na jinsi mistari ya mizizi na vivuli inavyoweza kuficha kitu kikubwa hatua chache kutoka kwako. Fundi aliyemweka chui ndani ya karatasi, asionekane ila kwa anayejua pa kusimamisha nuru, alimweka nyumbani kwake.

Malaysia nayo ilikificha kichwa cha chui milia katika noti zake za mwaka 1967, na noti za Tanzania za zama zile zilifichiwa kichwa cha twiga, ambacho wengi wetu tulikibeba mfukoni miaka mingi tusijue kuwa tuna mgeni. Nepal huwaonyesha wanyama wake hadharani kwa wino, kifaru katika rupia 100, chui milia katika 500 na ndovu katika 1,000. Afrika Kusini imefanya vivyo hivyo kwa wanyama wake watano mashuhuri, kuanzia kifaru wa randi 10 mpaka chui wa randi 200. Hizo ni noti nzuri na ninazihifadhi kwa heshima, ila yale yanayojitangaza hayanishiki muda mrefu kama yale yanayongoja kuinuliwa.

Katika sarafu moyo wangu umewaelekea ndovu wawili ambao sidhani kama waliowatengeneza walikusudia wajuane. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, na serikali ya Wajerumani katika Afrika Mashariki ikawa haiwezi tena kuletewa fedha kutoka kwao. Ndipo katika karakana ya reli ya Tabora, mahali pa kutengeneza magurudumu na mabehewa, zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Upande mmoja una tai wa dola ile. Upande wa pili yupo ndovu ameinua mkonga mbele ya mlima, na chini yake herufi T ya Tabora. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, na bei yake leo imepita uwezo wangu. Mimi nimeiona moja tu, nyuma ya kioo, nikasimama mbele yake hata aliyekuwa nami akachoka kunisubiri. Septemba mwaka ule ule majeshi yaliyotoka Kongo ya Wabelgiji yaliiteka Tabora. Ikapita miaka ishirini na saba, vita vingine vikaikumba dunia, na safari hii Ubelgiji ndiyo iliyotekwa na Wajerumani, ikawa haiwezi kuipigia Kongo fedha. Kwa hiyo franki 2 za Kongo za mwaka 1943 zilipigwa Philadelphia, Marekani, zikafanywa za shaba ya manjano, zenye pande sita, na juu yake anatembea ndovu. Huyo ninaye. Ni rahisi kupatikana, amechubuka sikio, nami humweka pekee katika kisanduku chake, na nafasi iliyo kando yake nimeiacha tupu kwa ajili ya ndovu wa Tabora ambaye hatakuja.

Kadhalika ninazo senti za Afrika Mashariki za enzi ya Waingereza, zenye tundu katikati, ambazo mafundi walizipamba kwa pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu lile. Ndovu mwenyewe hayumo. Nimezitazama mara nyingi na kila mara huniingia huzuni, maana hapo ndipo fedha iliposema wazi ni kitu gani ilichokithamini katika mnyama yule. Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, huniondolea huzuni hiyo: nduwaro mwenye tanga mgongoni katika senti 5, mbuni katika senti 20, sungura katika senti 50, kila mmoja mzima na mwenye uhai, hakuwindwa wala hakukatwa kiungo. Mafundi wa hazina zetu wamedumu katika njia hiyo. Nyati aliyekuwa katika noti ya shilingi 500 alihamia katika sarafu ya thamani ile ile mwaka 2014, kwa kuwa karatasi ilikuwa ikichakaa upesi kwa kupokezanwa; ninao wote wawili, wa karatasi iliyolegea kama kitambaa na wa madini, na ninapenda kuwalaza ubavu kwa ubavu.

Amali hii ina adabu zake, nami nilizijua kwa hasara. Nilipokuwa kijana niliisugua senti 10 ya pembe kwa majivu na ndimu, kama tulivyokuwa tukisugua sinia na birika za shaba, ikatoka inameta. Nikaionyesha kwa fahari kwa yule mzee wa Mji wa Kale, naye akaitazama, akanirudishia pasipo neno. Nilikuwa nimeuondoa utandu wa miaka arobaini, ule weusi wa asali unaojikusanya polepole katika mabonde ya nakshi na kuipa sura kina chake, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Tangu hapo huishika sarafu kwa ukingo wake, kati ya kidole gumba na cha shahada, maana jasho la mkono huacha alama juu ya shaba. Siziweki katika mifuko ya plastiki laini, ambayo katika joto na chumvi ya pwani hutoa majimaji ya kijani yanayokula madini. Na kila moja huiandikia kikaratasi cha mahali nilipoipata na siku yake.

Kikaratasi ninachokisoma mara nyingi zaidi ni cha rupia moja ya India ya mwaka 1947, ya nikeli, yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita upande mmoja na chui milia upande wa pili. Benki Kuu ya India ilipoanzishwa mwaka 1935, muhuri wake ulichukuliwa katika sarafu ya dhahabu ya Kampuni ya Mashariki ya India, iliyokuwa na simba na mtende. Wakubwa wakaona kuwa chui milia ndiye anayeifaa India zaidi, wakamwondoa simba, na mchoraji akapelekewa picha ya sanamu ya chui iliyokuwa katika lango la Belvedere, Calcutta, ili aipate sura sawasawa. Mwaka 1950 sarafu za jamhuri mpya zikaiondoa sura ya mfalme na kuweka mahali pake simba wa nguzo ya Ashoka. Rupia yangu ni ya baina ya hayo mawili. Nikeli ni ngumu na haichakai upesi, lakini hii ilitobolewa juu na kuvaliwa shingoni na mwanamke nisiyemjua, miaka mingi, ikisuguana na nguo na ngozi yake kila alipoinama na kuinuka. Mgongo wa chui umelainika, bega limelainika, na mistari imefutika yote isipokuwa miwili karibu na mkia. Kwa lenzi naweza bado kuihesabu. Nikiiweka lenzi mezani na kuinamisha sarafu kwenye dirisha la jioni, marara yote hutoweka, na anayetembea kiganjani mwangu ni simba.